Siku Mjane Alipoacha Kukohoa

Kiti cha nyuma cha gari lililopondwa zamani, kimewekwa juu ya matofali nje ya duka la Verna la kahawa na donati: hicho ndicho kijiwe cha Tarver, Oklahoma, na asiyekijua hicho haijui Tarver. Wenye kiti wanajulikana. Kushoto hukaa Odell Pruitt, Shemasi, ambaye kweli ni shemasi wa kanisa la Kibatisti na hamalizi kikombe bila kumfanya Mungu shahidi wake. Kulia hukaa Lavon Meeks, Pancha, aliyeziba matairi ya wilaya nzima mpaka goti likamkatalia, na sasa anaziba mapengo kwenye elimu ya watu. Katikati pana bonde, na bonde hilo ni la Garland Hatcher, fundi wa mashine za kuvunia ngano, mtu wa maneno machache. Verna mwenyewe hakai. Husimama mlangoni, taulo begani, akisema hana muda wa upuuzi, na hakuna upuuzi uliowahi kumpita. Alasiri ile ya mwezi wa Mei bonde la katikati lilikuwa tupu, kwa sababu Garland alikuja na Mjane.

Mjane alisikika kabla ya kuonekana. Alikohoa kwenye kona ya ghala la ngano, akapiga chafya mbele ya benki, akaja akitetemeka mpaka dukani na kusimama hapo huku akitema pumzi kwa hasira. Ni Chevelle ya mwaka 1970, bluu iliyokoza, gari la enzi zile vijana walipouziwa injini kubwa kuliko akili zao. Lilikuwa la Royce, mdogo wake Garland. Royce alipokufa kijiwe kililibatiza gari jina hilo, na Maurine, mjane halisi, hajawasamehe hadi leo. Garland alifungua boneti na kuiacha injini iungurume ipate moto, maana kabureta haipimwi injini ikiwa baridi.

— Mpeleke hospitali huyo, — alisema Pancha. — Hicho si kikohozi, hicho ni kifua kikuu.

— Ndiyo nimemleta. Carlene yuko njiani, anakuja kumchukua.

Shemasi alishusha kikombe.

— Carlene wa Royce?

— Kwani kuna mwingine? Gari ni lake, aliachiwa na baba yake. Nimemwahidi akifika atalikuta linatembea vizuri mpaka kwake Wichita, huko kaskazini.

— Kwa hiyo leo unafungua, — alisema Shemasi polepole.

— Leo nafungua.

Hakuna aliyeuliza anafungua nini. Pale Tarver, fundi akishamaliza kuiseti kabureta hudondosha rangi ya kucha juu ya kila skrubu, ili mkono wowote utakaozigusa baadaye ujulikane. Wake za mafundi wamezoea kupotelewa na vichupa. Kwenye kabureta ya Mjane, skrubu mbili za kupimia petroli zilikuwa bado na matone mekundu ya Maurine, vilevile yalivyokauka siku Royce alipoyadondosha. Siku hiyo Royce alizikaza na kuzilegeza mpaka injini ikaimba. Akamwita kaka yake aje asikie. Kisha akachukua pikapu, akasema anakwenda kaskazini mara moja na kurudi.

Hakurudi. Kimbunga kilishuka kwenye barabara ile ile. Pikapu waliikuta katikati ya shamba la ngano, imesimama wima, milango imefungwa, injini inaunguruma taratibu na kitini hakuna mtu. Mwenyewe walimpata kesho yake ng'ambo ya mto, hana hata mkwaruzo, kamba za viatu zimefungwa vizuri. Tangu hapo Mjane hakutulia tena. Garland angeweza kumponya kabla kahawa haijapoa, lakini miaka sita ilipita na hakuthubutu. Royce hakuacha picha nyingi, na sauti yake haikurekodiwa popote. Kilichobaki kwake ni mkono wake, umesimama pale kwenye skrubu mbili, na Garland aliupenda mkono ule kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

Sasa alichomeka geji ya kupima mvuto wa hewa kwenye mpira wa injini. Mshale ukaanza kutetemeka kama kawaida yake. Akatoa bisibisi mfukoni, akaifuta, akaifuta tena.

— Haiwi safi zaidi ya hapo, — alisema Verna kutoka mlangoni.

— Niache kidogo, Verna.

— Mimi nimeshasema na sitachoka kusema, — alidakia Pancha. — Tatizo si skrubu, tatizo ni petroli. Siku hizi wanaichanganya na pombe ya mahindi. Gari la watu wazima unalinywesha pombe asubuhi na mapema, halafu unataka litembee wima?

— Wewe mwenyewe hutembei wima na hujachanganywa na chochote.

— Mimi ni goti, Verna. Usiingize goti langu kwenye mambo ya kitaalamu.

— Si petroli, — alisema Garland. — Ni hewa. Siku Royce anaiseti, hewa ilikuwa ya moto, imelowa, nyepesi. Hewa nyepesi haitaki petroli nyingi, basi akaipunguza. Siku nyingine zote hewa ni kavu, nzito, petroli ile haitoshi. Ndiyo maana linakohoa. Hakuna cha ajabu.

— Hakuna cha ajabu, — Shemasi alirudia kwa sauti ya kukubali, lakini uso wake haukukubali.

— Hewa nayo imenichosha leo, — alisema Verna. — Asubuhi nimekuja na koti. Saa hizi shati limeninata mgongoni.

Wote wakageuka kutazama, kana kwamba hewa ni mtu anayepita. Tangu alfajiri upepo wa kaskazini ulikuwa ukipiga na kuzungusha vumbi jekundu barabarani. Sasa ulikuwa umekatika. Bendera ya benki ilikuwa imelegea kwenye mlingoti wake na haikucheza. Upande wa kusini-magharibi mawingu yalikuwa yamepanda sana, meupe juu, meusi chini, na hakuna aliyeona yalipoanza.

— Mapangaboi hayo, — Pancha alinyoosha kidole kwenye kilima. — Yale ya kuzalisha umeme. Tangu wayasimike, hewa ya hapa haieleweki. Upepo unapita pale mzima, unatoka huku umechoka. Kabureta gani itajua ivute nini?

— Pancha.

— Nini?

— Mapangaboi yamesimikwa mwaka jana, — alisema Shemasi. — Gari linakohoa tangu Royce afe.

— Yalikuwa yanajaribiwa kwa siri, — alisema Pancha, na akauma donati ili asiulizwe zaidi.

Verna akacheka. Garland naye akatabasamu kidogo, bisibisi ikiwa bado mkononi. Angeweza kuanza wakati ule, na alijua. Injini ilikuwa na moto wa kutosha. Lakini aliona bora wabishane kidogo zaidi, na akaegemea gari akaomba kahawa.

— Niwaambie kitu, na Mungu ni shahidi wangu, — Shemasi alianza, akakiweka kikombe chini kabisa, jambo ambalo hulifanya akiwa hatanii. — Hewa iliumbwa mara moja tu. Haikuongezwa, haikupunguzwa. Hii unayoivuta wewe Pancha hapo na makombo ya donati, imeshavutwa na kila aliyekufa. Inazunguka. Inakwenda kwenye barafu huko, inakwenda jangwani, inarudi.

— Haya, inarudi. Halafu?

— Halafu hewa ya siku ile haikufa. Iko mahali. Inatembea. Na gari hili limefunguliwa mdomo kwa ajili ya hewa ile moja tu, nyingine zote linazitema. Mnaliita kikohozi. Mimi naona linaonja. Linaonja, linatema, linaonja, linatema. Linasubiri yake irudi.

— Shemasi, usinitishe na mimi nakula.

— Sikutishi. Umeuliza kwa nini linakohoa.

— Sikuuliza mimi!

— Liliwahi kutulia, — alisema Garland.

Hakuwa amekusudia kusema. Alilitunza neno lile muda mrefu, na sasa lilikuwa limetoka, wote wakimwangalia.

— Lilitulia lini? — aliuliza Verna.

— Ile Mei ya maafa ya mji wa Dunmore. Huwa naliwasha kila Jumapili bandani, lisigande. Siku ile likakohoa, likakohoa, likaacha. Likaimba vile vile kama siku aliyoniita. Nikakaa juu ya ndoo nikasikiliza. Nililia, siwafichi. Nikasema, huyu ni Royce. Kaja kunisalimia.

— Na jioni yake... — alisema Verna.

— Na jioni yake mkia wa kimbunga ukashuka Dunmore.

Hapakuwa na haja ya kueleza. Shemasi alikuwa miongoni mwa waliokwenda kusaidia Dunmore, na tangu siku hiyo hapiti tena njia ya pale palipokuwa na nyumba moja ya manjano.

— Hukutuambia, Gar, — alisema Shemasi.

— Ningewaambia nini? Kwamba gari lilikuwa zuri?

Kikohozi cha Mjane kiliendelea, lakini kwa mbali mbali, kama cha mgonjwa anayepitiwa na usingizi. Pancha ndiye asiyeweza kukaa na kimya. Alikuwa akitafuna huku akifikiri, na kwake kufikiri ni jambo linaloonekana.

— Ngojeni. Ngojeni kwanza. Mnaisoma kinyume nyinyi.

— Kinyume vipi?

— Mnasema kimbunga kikikaribia, hewa inabadilika, gari linatulia. Sawa. Na kama gari ndilo linaanza?

— Linaanza nini?

— Kuita. — Pancha aliegemea mbele, macho yakiwaka kwa furaha ya mtu aliyepata nadharia mpya. — Royce kaliseti, likaimba. Hakuna gari lililowahi kuimba vile katika wilaya hii. Kitu huko juu kikasikia. Kikasema, nani huyo? Kikainama kuangalia. Kikamkuta Royce njiani. Na Dunmore vile vile, wewe umekaa juu ya ndoo unalia, kumbe mwenzio anaitwa.

— Lavon Meeks! — alisema Shemasi. — Huna adabu hata kwa marehemu.

— Natania, Shemasi.

— Hutanii hivyo.

— Basi nimekosa. Gar, nimekosa. Natania tu.

Verna alikuwa amekunja uso na kuinua kichwa, kama mama anayesikiliza watoto wa chumba cha pili waliokaa kimya mno.

— Nani kazima gari? — aliuliza.

— Hakuna aliyelizima.

— Si limezimika?

Garland alitazama chini ya boneti. Feni ilikuwa ikizunguka. Mkanda ulikuwa ukikimbia. Na mshale wa geji, uliotetemeka miaka yote ile, ulikuwa umesimama wima, haugusi kushoto wala kulia. Injini ilikuwa hai, imetulia hata sikio lililozoea kikohozi halikuisikia. Ilibidi mtu ayatege masikio upya, na akishayatega alikuta mlio wa chini, mnene, laini, unaotoka ardhini kuingia miguuni.

Furaha ilimjaa Garland kwanza. Hakuweza kujizuia. Miaka mingi alikuwa amelala akiutafuta mlio ule kichwani na kuupoteza, na sasa ulikuwa pale, mzima, Royce mtupu. Alisahau kijiwe, alisahau mawingu. Aliinamisha kichwa mpaka nywele zikakaribia feni.

Kisha furaha ikamwishia yote kwa mara moja.

— Carlene, — alisema. — Carlene yuko barabara ya kaskazini.

Alitoa simu. Vidole vilikuwa na grisi, akakosea, akarudia. Carlene alipokea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeendesha huku anatafuna kitu.

— Baba mkubwa! Nimeshavuka daraja, nakaribia. Limepona gari?

— Uko wapi hasa? Carlene, rudi nyuma. Geuza.

— Nini? Sikusikii. Huku mbingu zimekuwa kijani, hebu ungeona, kijani kama...

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikwenda. Alipopiga mara nyingine, king'ora cha mji kikaanza kulia, kirefu, kikipanda na kushuka, na kuku wa nyuma ya duka wakanyamaza wote.

Mkia ulikuwa umeshuka. Waliuona juu ya mapaa, mwembamba, mweupe upande mmoja, ukining'inia kutoka kwenye wingu bila haraka yoyote. Haukuwa ukija mjini. Ulikuwa ukielekea kaskazini, sambamba na barabara, kama anayejua anakokwenda.

— Handakini! — Verna alipiga kelele, akionyesha mlango wa shimo la kujifichia vimbunga. — Wote! Pancha, acha hiyo donati!

— Gar, twende, — Shemasi alimshika bega. — Kwa Carlene hakuna tunaloweza kufanya hapa ila kuomba. Twende tukaombe chini.

Garland alikuwa akisikiliza Mjane. Gari lilikuwa likiimba. Lilikuwa zuri kuliko chochote alichowahi kutengeneza, na kadiri mkia ulivyorefuka, ndivyo lilivyozidi kuwa zuri. Alilingoja likohoe. Mtu aliyetamani utulivu ule miaka sita yote alikuwa sasa akiomba kikohozi kimoja tu, kidogo, na hakikuja.

Akainua bisibisi.

— Unafanya nini? — aliuliza Shemasi.

— Linaita.

— Haliiti! Huyo Pancha ni mpumbavu, unamjua tangu utoto!

— Gar, nilikuwa natania, — Pancha alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mtoto. — Gar! Nimeitunga pale pale, haki ya Mungu, sikuwa na maana yoyote!

— Ndicho kitu pekee ulicho nacho cha Royce, — alisema Shemasi. — Ukivunja hapo hakirudi. Wewe fundi, unajua hakirudi.

— Najua.

Aliweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Akakaza. Rangi ya Maurine ilipasuka kwa sauti ndogo mno, na kipande chekundu kikamrukia kwenye kidole gumba kikanata hapo. Injini ikashtuka. Akakaza tena. Mlio ule mnene ukachanika katikati, mshale ukaruka, Mjane akakohoa, akakohoa tena kwa nguvu, mwili mzima ukitikisika. Akahamia skrubu ya pili. Alikuwa akisema maneno wakati anakaza, na Shemasi, aliyekuwa karibu naye, baadaye alikataa kuwaambia wenzake ni maneno gani. Gari lilipiga chafya moja kali, likatoa ulimi wa moto juu ya kabureta, likazima.

King'ora peke yake ndicho kilichobaki. Halafu mvua ya mawe ikaanguka, na Verna akawaburuta wote watatu ndani kama magunia.

Hawakufika handakini. Walibanana nyuma ya kaunta, kati ya magunia ya unga na mafuta ya kukaangia, wakisikiliza mawe yakipiga bati. Umeme ulikatika. Pancha alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili na machozi yalikuwa yakimtoka bila kelele. Mawe yalipopungua, upepo ulirudi, na ulirudi wa baridi, kavu, wa kaskazini.

— Ulihesabu mizunguko? — Shemasi aliuliza gizani.

Hakuna fundi wa kabureta asiyehesabu. Kabla ya kugusa chochote unakaza skrubu mpaka mwisho huku ukihesabu, ili ukitaka kurudi ulikotoka ujue njia. Garland aliwafundisha vijana wote wa wilaya hivyo, na aliwagombeza waliosahau.

— Sikuhesabu.

— Hata kidogo?

— Sikuhesabu, Odell.

Shemasi alimshika mkono. Ndipo Garland akaelewa alichofanya. Alikuwa amemzika mdogo wake, na safari hii bila jeneza na bila wimbo, kwa maneno ya mzaha ya mtu anayekula donati. Na kama Carlene naye alikuwa katikati ya ngano mahali fulani, basi alikuwa amewapoteza wote wawili kwa pamoja. Alijiona mzee na mjinga. Alitoka nje akasimama kando ya gari, mvua ikimlowesha, akiangalia barabara ya kaskazini ambako hakukuwa na mkia tena, wala wingu la maana, ila mwanga wa njano uliotandazwa juu ya mashamba.

Kigari kidogo cheupe kilitokea huko kikienda polepole. Kilikuwa na tope mpaka madirishani, na mabua ya ngano yamechomekwa kwenye grili na kwenye mipini ya milango. Kikasimama nyuma ya Mjane. Carlene alishuka. Alikuwa mrefu kama baba yake, amevaa viatu vyake vya uuguzi, na alitembea kama anayejaribu kama ardhi itambeba.

Garland alimkumbatia. Verna akaja na taulo, akamfunika mabega, akamkalisha kwenye kiti, katikati, kwenye bonde. Pancha alimgusa bega kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka.

— Ulikiona? — Verna aliuliza.

— Kilipita mbele yangu. — Carlene aliangalia mikono yake. — Kilivuka barabara mbele yangu, hapo kwenye shamba la kina Stovall. Ningekuwa pale. Nilikuwa nakwenda kasi, nilitaka niwahi kufika kabla ya mvua. Ningekuwa pale kabisa.

— Na ukasimama. Mungu mkubwa, ukakiona ukasimama.

— Sikukiona. Mvua ilikuwa nyingi, sikuona kitu. Gari ndilo lilisimama. Lilikuwa linakwenda vizuri tu, halafu ghafla likakohoa. Likakohoa, likatetemeka lote, likakohoa tena, likapiga mlio kama chafya, likazima. Nikasema, sasa hivi? Hapa? Nikawa napiga swichi, halitaki. Napiga, halitaki. Nikalia kwa hasira. Halafu ile mvua ikafunguka kama pazia na nikakiona kinapita, na kilikuwa karibu, baba mkubwa, nilisikia ngano zinang'oka. Kilipoondoka nikapiga swichi mara moja, likawaka.

Verna alikumbuka kahawa. Aliingia ndani, akasikika akitikisa birika kubwa, akarudi mikono mitupu. Umeme haukuwa umerudi na hata tone halikuwa limebaki. Shemasi alikuwa amevua kofia. Pancha alikuwa akiangalia chini ya boneti ya Mjane, zile skrubu mbili zilizokazwa, na vumbi la rangi nyekundu lililotapakaa juu ya chuma.

Carlene alifuata macho yake. Kisha akageuka kukitazama kigari chake kilichojaa tope, kikiunguruma kimya kimya pale nyuma.

— Baba mkubwa, wewe ni fundi, — alisema. — Hicho changu ni cha juzi tu, kila kitu kompyuta. Hakina kabureta. Sasa kilikohoa nini?

Shemasi alimwangalia Verna, Verna akaangalia taulo lake.

Garland alipiga magoti mbele ya kiti na kuushika mkono wa Carlene kwa mikono yake yote miwili, yenye grisi. Alitaka kumweleza kwamba Mjane naye alikuwa amekohoa, akapiga chafya na kuzima hivyo hivyo, lakini akaubana mkono ule zaidi.

— Baba mkubwa, — alisema Carlene taratibu, — unaniumiza mkono.

Alisikia, lakini hakuuachia.